Kurasa za Mwisho Zilinukia Ugoro

Nilipiga chafya kabla sijakifungua. Kitabu chenyewe kilikuwa safi, hakina hata vumbi, na pale mapokezi ninapofanya kazi hewa hupozwa mchana kutwa hata sisi tunaoketi pale huvaa sweta huku nje jua likichoma lami. Lakini pua yangu ilikumbuka kabla ya kichwa changu. Jalada jekundu, na juu yake bwana wa kofia na koti refu ananing'inia kwenye mlango wa treni inayokwenda, bastola mkononi, uso umetulia kama wa mtu anayengojea chai. Nilimtambua papo hapo. Sikuwa nimemwona tangu nilipokuwa darasa la sita.

Kazi yangu iko katika jengo moja la The Pearl, mtaa wa matajiri huku ng'ambo, na katika majengo kama lile watu huhama kama ndege. Mkataba ukiisha, mtu anarudi kwao na kuacha nusu ya maisha yake mezani kwetu. Miezi miwili iliyopita familia moja ya Waingereza iliondoka, na baba wa familia hiyo akaniachia katoni, akasema tuchukue tunachotaka na kingine kitupwe. Mlinzi wa zamu yangu, Mkenya kama mimi, akawahi kikaango. "Wewe chukua hizo vitabu, dada, mimi sina time," akasema, akaenda zake amefurahi. Mimi nikabaki na yule bwana wa treni. Nikageuza nyuma kabisa nitazame, na ukurasa wa mwisho ulikuwepo. Haukuwa umechanika. Nikaufunika haraka nisije nikasoma hata neno moja.

Ili uelewe kwa nini nilifanya hivyo, rafiki yangu, inabidi nikurudishe kwa nyanya yangu, Trans Nzoia, kwenye stoo ya mahindi.

Mimi nililelewa na nyanya. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye mikono mipana, na ujana wake wote alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja aliyekuwa na shamba upande wa pili wa mto. Mzungu alipouza shamba na kurudi kwao, alimwachia nyanya sufuria mbili za chuma, saa isiyofanya kazi, na sanduku la vitabu. Sufuria zilipika. Saa ilipamba ukuta. Sanduku la vitabu lilikaa stooni juu ya pipa la unga, kazi yake ikiwa kuzuia panya wasifunue kifuniko. Nyanya hakusoma Kiingereza. Alikizungumza kidogo, kile cha jikoni, na alikichukulia kama lugha ya kuulizia chumvi.

Kwetu mahindi yalikauka shambani, yakavunwa, yakajazwa stooni na magunzi yake, kisha Desemba shule zikifungwa ndipo kazi ya kupukuchua ilipoanza. Ilikuwa kazi ya zamu. Leo watu wote wako kwako, kesho mko wote kwa jirani, na mwenye nyumba kazi yake ni kupika. Ninaikumbuka harufu yake: pure ya maharagwe na mahindi inayochemka tangu asubuhi, viazi vitamu chini ya majivu, chai ya maziwa yenye moshi. Na ule mlio wa punje zikianguka kwenye turubai. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kweli sijaona kazi nyingine iliyoweza kuthibitisha methali hiyo kama kupukuchua. Ukiwa peke yako na stoo nzima ya mahindi, unaweza kulia.

Sasa mwaka huo jirani yetu mmoja alinunua mashine ya kupukuchua. Trekta alikuwa nayo tayari. Aliifunga ile mashine nyuma ya trekta, ikanguruma kijiji kizima, na mahindi ya siku nzima yakaisha kabla chai haijaiva. Malipo yake yalikuwa mahindi yenyewe, debe kwa kila gunia. Watu wakakimbilia. Nyanya akakataa. Alisema mashine inavunja punje, na punje iliyovunjika ni mwaliko wa dumuzi, yule mdudu wa ghalani. Alisema pia, na nadhani hii ndiyo iliyokuwa sababu hasa, kwamba mashine inakuchukulia debe lako bila hata kukuuliza umeamkaje.

Msimamo mzuri, lakini ulikuwa na gharama yake. Waliopukuchuliwa na mashine hawakuwa na deni la zamu kwa mtu yeyote. Nani angekuja kwetu? Tulibaki wawili, yeye na mimi, na stoo imejaa hadi paa. Na wajomba zangu wa mjini walikuwa wamekwisha kusema neno lao. Mkubwa wao alikuja wakati wa mavuno, akasimama mlangoni na viatu vyake vinavyong'aa, akasema, "Mama, mwaka huu mahindi yakiharibika tena kama mwaka jana, basi. Shamba tunalikodisha, wewe na mtoto mnakuja kukaa na sisi." Na aliyekuwa tayari kulikodi alijulikana. Alikuwa yule yule mwenye mashine, ambaye shamba lake lilipakana na letu na ambaye kila akipita alilitazama la kwetu kama mtu anayetazama sahani ya mwenzake.

Nyanya alimpakulia mjomba chakula. Lakini usiku ule alijifunika shuka hadi kichwani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, na mimi nikaogopa. Sikutaka kwenda mjini. Nilitaka kuzeeka kwenye ile stoo.

Aliyetuokoa alikuja kuleta ripoti yangu ya shule. Mwalimu wangu alikuwa mtu mwembamba, mnyoofu kupita kiasi, mwenye suti moja ya kahawia ambayo hata likizo hakuivua. Alitukuta tunapukuchua, na pembeni ya nyanya kulikuwa na kile kitabu chekundu. Macho yakamtoka. "Mama, hiki umekitoa wapi?" Nyanya akamwonyesha sanduku kwa kidevu. Mwalimu akaketi juu ya debe lililofudikizwa, akafungua ukurasa wa kwanza, na dunia ikampotea. Alikuwa anasoma huku midomo inacheza. Nyanya akamvumilia kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, hapa kwangu mtu hali peke yake. Kama ni kitamu, tugawie."

Basi mwalimu akaanza kusoma kwa sauti, akiona Kiingereza na kutoa Kiswahili, bila kusita, kama mtu anayemenya ndizi. Kilikuwa kitabu cha zamani, cha miaka ile baada ya vita vya kwanza vya dunia, ambapo Waingereza walipenda hadithi za waungwana wasio na kazi. Ninasema kweli, yule bwana hakuwa na kazi. Alikuwa kapteni jeshini, vita vikaisha, na sasa alikaa klabuni akichoshwa na amani, hadi siku moja michoro ya siri ya manowari ikaibiwa na yeye akapewa nafasi ya kuirudisha. Mwizi alikuwa tajiri mmoja mwenye kioo kwenye jicho moja na jumba kubwa juu ya jabali la bahari. Kapteni alimfukuza kwa treni, kwa gari, kwa miguu katika nyika zenye ukungu. Alipigwa kichwani mara nyingi sana na hakuumwa kichwa hata siku moja.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na kuni akasimama kwenye ua kusikiliza. Nyanya akamwona. Akachukua gunzi la mahindi akamrushia. "Hapa hakuna masikio ya bure," akasema. Mwanamke akacheka, akatua kuni, akaketi, akapukuchua. Kesho yake akaja na dada yake. Keshokutwa walikuwa umati. Hiyo ndiyo ikawa sheria ya stoo yetu: anayesikiliza, anapukuchua. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na nyanya yangu hakuona sababu ya kungoja hiyo siku ya tatu.

Ungewasikia watu wale! Kapteni akiruka kutoka kwenye treni, wanawake wanapiga vigelegele. Kapteni akidanganywa na binti mrembo mwenye sigara, wazee wanasema walijua tangu mwanzo. Mmoja aliuliza huyu Kapteni ni wa ukoo gani, maana haiwezekani mtu mzima akatembea nchi nzima asikute hata shangazi. Mahali pengine mwalimu alikohoa, akageuza kurasa mbili kwa pamoja, akaendelea. Alikohoa hivyo mara kadhaa. Tulidhani ni vumbi la magunzi.

Nyanya alikuwa na swali moja tu. Kapteni alikuwa na mtumishi, mtu wa makamo aliyefuatana naye kila mahali, akibeba mabegi, akipasha maji ya kunyolea, akificha bastola kwenye soksi. Mwandishi alimtaja kwa mstari mmoja mmoja. Lakini kila mwisho wa sura, watu wakiwa bado wanapumua kwa nguvu, nyanya aliinua macho na kuuliza, "Na huyo mtumishi, amekula?"

"Haijaandikwa, Mama," mwalimu anajibu.

"Tangu asubuhi anabeba mizigo. Kapteni amekula mayai, amekula samaki, amekunywa divai. Mimi nauliza huyu mwingine."

"Haijaandikwa."

Watu wanacheka. Nyanya hacheki nao. Alikuwa ananiambia mara nyingi jinsi kwa yule mzungu wageni walivyokuwa wakizungumza mbele yake mambo yao yote, nani amefilisika, nani anamtaka mke wa nani, kana kwamba yeye ni kiti. "Kiti kina masikio," alikuwa anasema, na kucheka peke yake.

Stoo ilikuwa imefika nusu, siku ile mambo yalipoharibika. Kapteni alikuwa amefungwa kamba katika chumba cha chini cha lile jumba, na maji ya bahari yanaingia kupitia tundu ukutani, yamefika magotini, yamefika kiunoni. Mwalimu akageuza ukurasa. Akageuza jalada.

"Endelea, Mwalimu!"

"Hakuna," akasema. "Kurasa zimechanwa."

Yeye alikuwa na kanuni yake, kwamba kitabu hakichunguliwi nyuma, kwa hiyo hakuwa amejua. Sote tukamgeukia nyanya, kwa sababu nyanya alikuwa anauza ugoro. Na nyanya, kwa mara ya kwanza, alionekana mdogo. Ugoro wake aliufunga kwenye vipande vya karatasi. Tangu zamani alikuwa akichana karatasi za nyuma za vitabu vya nyimbo na za Biblia zilizozeeka, zile tupu na zile zenye ramani, ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma kanisani; msimu ule zilikuwa zimemwishia, akahamia kwenye kitabu chekundu. "Mimi najua nyuma ya kitabu hakuna neno la maana," akasema. "Neno lote liko mbele. Hata kwa Mungu."

Watu walicheka, lakini walisimama. Hilo ndilo lililonitisha. Walikung'uta makapi kwenye nguo zao. Na kutoka upande wa pili wa ua ikasikika sauti ya jirani wa mashine. "Poleni sana! Mama, kesho trekta yangu haina kazi. Ukitaka niambie tu." Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mlima, mawingu ambayo Desemba hayana biashara kwetu, na nusu ya stoo ilikuwa bado kwenye magunzi, ambako unyevu huyaozesha mahindi upesi.

"Mwalimu, si ubuni tu?" mtu mmoja akasema.

Mwalimu akasimama wima na suti yake. "Mimi ninasoma yaliyoandikwa. Sitaongeza na sitapunguza." Na alimaanisha, ukiacha kile kikohozi chake.

Basi mimi nikawa Kapteni. Si katika hadithi zile daima kuna karatasi zilizoibwa, na mtu mmoja jasiri wa kuzitafuta? Nilimkalisha nyanya chini, nikamhoji kuhusu wateja wake wote wa ugoro, na asubuhi nikatoka, na kofia ya marehemu babu kichwani. Mzee wa kanisa alikuwa na ukurasa mmoja ndani ya mkanda wa kofia yake. Mama mmoja alikuwa ameziba ufa wa dirisha kwa wake. Mwingine alikuwa hata ugoro wenyewe hajaumaliza, ikabidi nimmwagie kwenye kiganja na nikae pale hadi machozi yaache kunitoka. Ukurasa mmoja niliukuta umebandikwa ukutani kwa uji, pamoja na picha ya rais na kalenda ya mbolea. Nilizipata zote, rafiki yangu. Zote isipokuwa ule wa mwisho kabisa.

Kwa kuwa nyanya alianza kuchana kutoka nyuma, ule wa mwisho ndio uliotoka kwanza, kwa mteja wa kwanza wa msimu. Na mteja wa kwanza wa msimu alikuwa jirani wa mashine.

Nilimkuta chini ya trekta, miguu tu inaonekana. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Akatoka polepole. "Ile karatasi? Nilifutia mafuta ya injini." Akanionyesha, na kweli, lilikuwa tambara jeusi, hata herufi moja huioni. Nikageuka niondoke. Ndipo akaniita, sauti imeshuka kidogo. "Sikia, mtoto. Kwani yule Kapteni... alitoka kwenye yale maji?"

Nikamtazama. Alijuaje kuhusu maji? Alikuwa amejificha nyuma ya ua siku zote zile, anasikiliza bure!

"Njoo kesho usikie," nikamwambia. "Lakini unajua sheria ya nyanya."

Kesho yake watu walirudi, wengine kwa hamu na wengine kutaka tu kuona kama kweli nimezipata. Mwalimu alizipanga kurasa zile juu ya goti, za kahawia, zimekunjamana, na alipoanza kusoma akapiga chafya. Mstari wa mbele ukapiga chafya. Kapteni alikata kamba kwa kipande cha chupa katikati ya chafya, akapanda ngazi katikati ya chafya, akaingia sebuleni ambako tajiri wa kioo alikuwa ameketi mbele ya moto na mkoba wa ngozi wenye michoro, anawangojea wageni wa kununua. Kapteni akamwelekezea bastola. Tajiri akacheka. "Bastola yako haina risasi, Kapteni," akasema. "Na sasa..."

"Hapa ndipo maandishi yanapoishia," mwalimu akasema, na kuziweka kurasa chini kwa heshima.

Nje mawingu yameshuka. Nikaona mama mmoja anaanza kutafuta viatu vyake, na nikaona uso wa nyanya, na sijui miguu yangu ilisimamaje. "Ukurasa wa mwisho umekufa kwa mafuta," nikasema. "Hakuna atakayeusoma tena. Lakini mimi nitawaambia ilivyokuwa."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu ya mtumishi. Alikuwa na njaa."

Watu wakacheka, na waliokuwa wamesimama wakaketi. Nikaanza. Nikasema mtumishi alikuwa ameachwa na mabegi hotelini tangu asubuhi bila hata kikombe cha chai, na njaa haina bwana, kwa hiyo alifuata harufu ya mkate hadi mlango wa nyuma wa lile jumba kubwa. Akakuta jikoni mpishi, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana. Hapo nikasikia mtu anaguna kwa furaha. Mpishi akamtazama, hakumuuliza jina, hakumuuliza ametumwa na nani. Akamuuliza, "Umekula?"

Nilivuta ile hadithi, nakuambia. Niliwapikia supu yote, nikataja viungo vyake vyote. Niliwasimulia jinsi yule tajiri alivyopanga wizi wake mbele ya mpishi kana kwamba mpishi ni kiti. Nilipoona mikono inalegea nilimtia mbwa mkali, na mikono ilipokaza nikamwondoa. Magunzi yalikuwa yanaruka. Na karibu na mlango, ameketi chini kwenye turubai kama mtu yeyote, mwenye mashine alikuwa anapukuchua kwa kidole gumba, uso umekunjamana kwa maumivu, maana alikuwa amesahau jinsi inavyofanywa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nyanya alimwona, akamsogezea rundo kubwa zaidi.

Tulipofika sakafu ya stoo ndipo nilipomrudisha tajiri wa kioo. "Na sasa, Kapteni," akasema, na akaufungua mkoba wake kwa madaha. Ndani mlikuwa na maganda ya viazi. Mlango ukafunguka, akaingia mpishi na mkate kwenye sinia, na nyuma yake mtumishi ameshika kifimbo cha kusukumia chapati, ana nguvu za mtu aliyeshiba. Mpishi akaukata mkate katikati mbele yao wote, na ile michoro ilikuwa ndani, imekunjwa vizuri, haikuungua hata pembe.

Kelele zilizopigwa zilifukuza kuku hadi barabarani. Mwalimu, yule asiyeongeza wala kupunguza, alikuwa amesimama juu ya debe lake anapiga makofi. Lakini mimi nilikuwa namtazama nyanya. Alikuwa ameacha kupukuchua. Alikuwa ameshika gunzi tupu, anatikisa kichwa polepole, na macho yake yamejaa.

"Basi," akasema. "Amekula."

Mvua ilinyesha jioni ile tukiwa tumekwisha kushona gunia la mwisho. Mjomba alipokuja Krismasi alisimama mlangoni pa stoo na viatu vyake, akayatazama magunia yaliyopangwa hadi juu, akauliza ni nani aliyefanya kazi yote hii. Nyanya akamwambia, "Masikio." Habari ya kukodisha shamba haikutajwa tena hadi nyanya anakufa, miaka mingi baadaye, kitandani kwake, chini ya paa lake, na unga wake mwenyewe ndani ya pipa.

Leo stoo ile haipo. Binamu zangu wamejenga nyumba ya matofali pale pale, nzuri tu, na mahindi yanapukuchuliwa na mashine kubwa inayokuja kwa simu na kuondoka kwa simu. Sanduku lililiwa na mchwa. Mwalimu amelala karibu na kanisa, nafikiri wamemzika na suti yake. Zamu za kupukuchua watoto wa siku hizi hata ukiwaeleza hawaelewi, wanauliza kwani mlikuwa hamna kazi. Ninauona upungufu huo, na unaniuma. Lakini sikuandika haya kulia.

Sisi tunakaa watatu katika nyumba moja ya mji wa Al Wakrah: mimi, muuguzi kutoka Kisii, na dada mmoja wa Uganda ambaye kampuni yake humpeleka kufanya usafi leo nyumba hii kesho ile. Ijumaa ndiyo siku yetu ya kupika chapati za wiki nzima. Ijumaa ya kwanza baada ya kukipata nilikaa mezani na kitabu changu, nikawasomea kwa njia ya mwalimu, naona Kiingereza natoa Kiswahili, huku wao wanakanda na kusukuma. Nilifika mahali pale mwalimu alipokuwa anakohoa. Nikapasoma kimoyomoyo, na nikaelewa. Watu kama sisi walikuwemo kwenye kile kitabu, waliandikwa kama mizigo na vivuli, kwa maneno ambayo sitayaleta mezani kwangu. Nikakohoa, nikageuza kurasa mbili.

Kapteni akala mayai, akala samaki. Dada wa Uganda akaacha kusukuma, unga hadi kwenye viwiko.

"Eh, dada, subiri kwanza," akasema. "Yule mufanyakazi wake, yeye anakula saa ngapi? Tangu morning yeye anabeba tu!"

Nilishindwa kuendelea. Nilicheka hadi muuguzi akaja kunishika mgongo, kisha nikalia kidogo, kisha nikacheka tena. Hawakuelewa, na sikuwaeleza. Nikasema tu, "Tutafika."

Tulipofika mwisho, Ijumaa iliyopita, nikausoma ule ukurasa peke yangu, kimya, wao wakingoja. Nilikuwa nimeuogopa tangu pale mapokezi. Nilikuwa nimeogopa kwamba utakuwa bora kuliko wangu, na kwamba mtoto yule wa kofia ya babu atakuwa alijivunia bure maisha yake yote. Basi nikuambie ulivyo. Kapteni anatoa bastola ya pili kwenye soksi. Anampiga tajiri risasi. Waziri anampa mkono. Na mstari wa mwisho kabisa, mtumishi analeta sinia ya whisky, anauliza kama kuna kingine, anaambiwa hapana, anaweza kwenda kulala.

Hakula! Kitabu kizima, yule mtu hakula.

Niliinuka. Nikauchana ule ukurasa taratibu kutoka kwenye uti wake, nikaukunja pembe kama nyanya alivyokuwa anakunja, nikautilia iliki kutoka kwenye kopo, nikaufunga na kumpa dada wa Uganda aende nao kazini, kwa ajili ya chai yake.

"Sasa wewe, mbona unaharibu?" muuguzi akasema. "Iliishaje?"

Nikaketi, nikawasogezea unga uliobaki, wote.

"Mtumishi alikuwa na njaa," nikaanza.